Taya likivunjika Lamu: waya au bamba?

Kuna kauli imezagaa kwenye baraza za Lamu: taya likivunjika, maskini hufungwa waya, tajiri huenda Mombasa akatiwa bamba. Siikubali. Inamfanya mmoja auze mbuzi kulipia upasuaji asiouhitaji, na mwingine akubali waya ambao kwa hali yake ni hatari.

Taya la chini limejipinda kama upinde, na limeshikana na fuvu pande zote mbili, mbele ya masikio. Ndiyo maana pigo moja, la boda boda au la teke la punda, mara nyingi hulivunja mahali pawili: pale lilipotua, na upande wa pili karibu na sikio. Tiba yoyote inatafuta meno yakutane kama zamani, na mfupa utulie mpaka uunge. Waya hufunga meno ya juu na ya chini pamoja kwa wiki 4 hadi 6. Bamba dogo la titaniamu huushika mfupa wenyewe kwa skrubu, na mgonjwa huweza kufungua kinywa na kula vyakula laini baada ya siku chache.

Waya una heshima yake. Daktari wa meno mwenye ujuzi anaweza kuufunga kwa sindano ya ganzi tu, bila nusukaputi wala kisu. Kama mfupa umepasuka bila kuhama na meno ya kushikia yapo, huunga vizuri. Kumvusha mgonjwa wa namna hiyo kwa boti hadi Mokowe, kisha basi la zaidi ya kilomita 300 hadi Mombasa, na ndugu wa kumuuguza juu yake, ni gharama isiyo na sababu. Na bamba nalo lina madhara yake: mdomo wa chini huweza kufa ganzi kwa miezi, na kidonda kikitunga usaha huenda bamba likatolewa.

Sasa mtazame mvuvi wa Kizingitini. Wiki 6 za uji, maziwa na mchuzi uliochujwa, mwili unakwisha. Akirudi baharini akachafukwa na moyo akatapika, meno yamefungwa, matapishi yanaweza kumziba pumzi. Mwenye kifafa yumo katika hatari hiyohiyo, na mjamzito anayetapika kila asubuhi pia. Wako na wale ambao vipande vya mfupa vimehama, au taya limevunjika kushoto na kulia. Hawa kuwaambia bamba ni anasa ni kuwadhulumu.

Kwa watoto hesabu inabadilika kabisa. Mfupa wao huunga upesi, na ukivunjika karibu na sikio, kufunga kinywa muda mrefu huweza kukakamaza kiungo, mtoto akakua na kidevu kilichokwenda upande. Mara nyingi mtoto huyo hahitaji kisu. Anahitaji kufanyishwa mazoezi ya kufungua kinywa mapema, tena kila siku.

Kinachonisumbua zaidi ni siku zinazopotea. Taya huvumilia siku kadhaa, si wiki kadhaa. Likiunga vibaya, daktari bingwa atalazimika kulivunja upya. Jamaa wakiwa bado wanachangishana nauli, mgonjwa yuko nyumbani na kitambaa kidevuni. Basi afungwe waya wa muda palepale Lamu, hata kama ataishia Malindi au Mombasa: maumivu hupungua na mfupa hausagani njiani.

Na anayerudi Faza au Siyu na waya kinywani asipande boti bila kuning'iniza shingoni koleo la kukatia waya, wala kabla daktari hajamwonyesha mtu atakayelala naye chumba kimoja ni nyuzi zipi za kukata akianza kutapika usiku.