Kilichofika nusu kisitupwe

Wiki mbili zimepita tangu nitoke nyumbani Maragoli na bado hii kitu inanikaa rohoni. Boma yetu iko chini kabisa kwa bonde. Binamu yangu alikuwa anaomba basari na siku ya mwisho ilikuwa kesho yake, tukaskani barua ya chifu, ripoti ya shule, kitambulisho cha mzazi na cheti cha kuzaliwa, zote zikawa PDF moja ya 18 MB, tukaanza kuituma kwa tovuti ya ofisi fulani. Ikapanda vizuri hadi asilimia 94, netiweki ikapotea kama sekunde tano hivi, ikarudi, na tovuti ikaanza tena kutoka sifuri. Mara ya pili ikafika 90. Mara ya tatu bando likaisha katikati. Ukipiga hesabu ni zaidi ya 40 MB zilizotoka kwa simu yetu, zikapokelewa na mnara, zikafika kwa ofisi, halafu zikamwagwa zote kwa sababu ya kipande kidogo cha mwisho ambacho hakingezidi hata 2 MB.

Kila mtu pale nyumbani alilaumu netiweki. Mimi kazi yangu huko Kisumu ni kufunga antena na modemu, na nilisema na narudia hapa: mnara ulifanya kazi yake, na kwa akili nyingi sana. Aliyetuangusha ni yule aliyeandika ile tovuti.

Wacha nieleze venye mnara hufanya, juu ni watu wachache huambiwa. Huku kwetu mtu wa ng'ambo ya bonde akitaka kitu anapaza sauti. Siku ya upepo unasikia "...kuku... kesho." Unamuitikia, "Rudia, sijapata!" Anarudia, na saa hii unasikia "leta... kesho asubuhi." Kila mara ujumbe umefika na mashimo, lakini wewe huwezi kusahau ile ya kwanza, unaziweka pamoja kichwani na unajua tayari: leta kuku kesho asubuhi. Hakuna haja apige kelele mara ya tatu.

Hivyo ndivyo 4G na 5G hufanya, na njia yenyewe inaitwa HARQ. Simu inakata data yako, ambayo ni biti tu, zile 0 na 1, iwe vipande, kila kipande inakiongezea biti za ulinzi, yaani biti za ziada zilizopigwa hesabu kutokana na zile zako, ili mnara ukipata kipande kimeharibika kidogo uweze kukitengeneza wenyewe bila kuuliza mtu. Kikiwa kimeharibika kupita kiasi, mnara unarudisha jibu la "hapana, rudia." Na hapa ndio utamu uko: kile kibovu hautupi! Unakihifadhi pamoja na kumbukumbu ya kila biti ilisikika kwa uhakika kiasi gani, kisha marudio yakifika unavijumlisha, na mara nyingi vipande viwili ambavyo kila kimoja peke yake hakisomeki vikiunganishwa vinasomeka. Tena simu si lazima irudie maneno yale yale, inaweza kutuma biti zingine za ulinzi ambazo haikutuma mara ya kwanza. Kwenye 4G mzunguko huu wote, kutuma, kujibiwa, kutuma tena, ni kama milisekunde 8, na simu haikai bure ikingoja jibu, ina mistari minane inayoenda sambamba, huu ukingoja ule unatuma.

Kitu kimoja kilinishangaza sana nilipokuwa nasoma haya mambo chuoni. Netiweki hizi kwa kawaida hupangwa ili karibu asilimia 10 ya vipande vifeli mara ya kwanza. Yaani kwa makusudi! Nilidhani ni makosa ya uchapishaji. Lakini fikiria, ukitaka kila kipande kifike salama mara ya kwanza itabidi ukifunge kwa biti za ulinzi nyingi sana kila wakati, hata hewa ikiwa safi, na hizo biti zinakula nafasi ya data ya watu. Ni nafuu kutuma kwa mwendo, ukijua kimoja kati ya kumi kitarudiwa, mradi kurudia kwenyewe kuwe kwa bei rahisi. Hilo sharti la mwisho ndilo nataka tulishike. Kufeli si shida kama hakukurudishi mwanzo.

Hii hasira yangu pia si mpya. Mtaalamu wa hesabu Richard Hamming alikuwa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu huko Marekani, miaka ya 1940, kazi zake zilikuwa zinaendeshwa na mashine ya kupiga hesabu wikendi wakati hakuna mtu wa kuisimamia, mashine ikigundua kosa inaitupa kazi yake na kwenda kwa ingine, Jumatatu anakuja anakuta hakuna kitu. Akajiuliza, kama mashine inaweza kujua kuna kosa, mbona isijue liko wapi ilirekebishe? Mwaka wa 1950 akachapisha jibu lake: kwa kila biti 4 za data weka 3 za ulinzi, na ikiharibika moja yoyote kati ya hizo 7 utajua ni gani, unaigeuza tu. Kutoka hapo watu hawakusimama. Robert Gallager alibuni misimbo yake ya LDPC, yaani njia ingine ya kupanga biti za ulinzi, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kompyuta za wakati huo zikashindwa kuiendesha, ikakaa kabatini kama miaka 30, na leo ndiyo inalinda data ya 5G.

Sasa mtu anapanda juu ya kazi ya miaka sabini na kitu ya watu kama hao, anaandika fomu ya basari inayotupa asilimia 94. Inauma, kweli.

Na si eti ni ngumu. Kata faili vipande vya 1 MB, kila kimoja kipe namba, seva, yaani kompyuta ya ofisi inayopokea, ikumbuke imepata namba ngapi, netiweki ikirudi simu iulize "tumefika wapi?" iendelee. Kuna hata njia iliyo wazi kwa kila mtu, inaitwa tus, hulipi chochote, na imeandikwa kwa lugha nyingi za programu. Siku ile tungetumia kama 20 MB tukamaliza.

Hiyo namba ya kipande ina kazi ingine ambayo wengi husahau. Wakati mwingine ujumbe unafika salama, kinachopotea ni jibu la "nimepata." Mtumaji hawezi kujua tofauti, kwake ni kimya tu, kwa hivyo atatuma tena. Kwa redio mpokeaji anaona namba ni ile ile, anajua ni marudio, hahesabu mara mbili. Lakini mwaka jana nililipa kitu kwa duka moja la mtandaoni nikiwa kwa matatu, tunapanda kutoka Kiboswa kwenda Majengo, ukurasa ukaganda, nikabonyeza tena, nikakatwa mara mbili. Pesa zilirudi baada ya siku kumi na moja na simu nyingi. Agizo moja lipewe namba moja, likija tena seva ijue ni lile lile, basi.

Sisemi kila kitu kirudiwe. Sauti kwa mfano haiwezi kungoja sana, ukichelewesha neno la mama nusu sekunde mnaanza kukanyagana maneno, afadhali herufi ipotee. Na chombo cha anga cha Voyager 1 kiko mbali hadi mawimbi yake yanachukua zaidi ya saa 20 kufika duniani, huko huwezi kukaa unaambiana "rudia," unaweka ulinzi wa kutosha kabla ya kutuma. Lakini fomu ya basari? Fomu inaweza kungoja. Ina usiku mzima wa kungoja.

Binamu yangu alituma saa kumi alfajiri, tukiwa tumesimama juu ya mwamba nyuma ya kanisa, yeye ameinua simu na mimi nimeshika tochi. Ile ofisi nimeiandikia barua na hesabu zote hizi. Kama unaandika tovuti za serikali, za shule, za hospitali, njoo nyumbani kabla hujaiachilia, saa tisa alasiri mvua ikikaribia, kaa chini ya mparachichi wetu na simu ya bei ndogo, ujaribu kutuma faili yako mwenyewe ya 18 MB. Chai iko.