Mkwe, Nina Kijana Wangu

Kila ukoo hapa Mwanza una mjomba mmoja mwenye "kijana wangu" kwa kila kazi. Bomba limepasuka, nina kijana wangu. Paa linavuja, nina kijana wangu. Sisi Mabatini tunaye wa kwetu. Ni mjomba wa mume wangu, kwa hiyo kwangu mimi ni mkwe, na mkwe habishiwi.

Nilikuwa nimenunua friza la mtumba niuzie samaki. Alfajiri nateremka Mwaloni Kirumba, nachukua sato wangu, napanda nao mlimani, na ikifika saa sita mchana jua limeshaanza kunidai. Friza likabebwa na vijana wa mtaani hadi huku juu, kwa matusi mengi, maana njia yetu inapita katikati ya mawe. Likawekwa barazani. Barazani hakuna soketi. Mume wangu akasema tutafute fundi mwenye leseni.

Mjomba, aliyekuwa anakunywa chai, akaweka kikombe chini.

"Mkwe, hao wenye leseni mnawalipia hiyo leseni. Mimi nina kijana wangu."

Kijana akaja na mfuko wa rambo. Ndani yake mlikuwa na kisu cha jikoni, tepu nyeusi na nyundo. Tesita, ile bisibisi yenye kitaa cha kupimia umeme, ilikaa sikioni muda wote. Waya alizichuna kwa meno, maganda akitema pale pale nilipotoka kudeki. Nikamuuliza amesomea wapi.

"Mama, umeme hausomewi. Umeme unazoewa."

Mjomba akacheka kwa fahari, utadhani kamzaa yeye.

Kazi ikanoga ilipofika zamu ya athirodi, ile nondo ya shaba inayozikwa ardhini ili umeme ukivuja upate njia ya kushukia chini, usishukie kwa mtu. Sasa anayeijua milima yetu anajua kwamba udongo hapa ni wa kuazima. Chini jiwe, pembeni jiwe, na jirani yangu ukuta mmoja wa jiko lake ni jiwe lenyewe, kapaka chokaa tu akatundika kalenda. Kijana akapiga nyundo, nondo ikalia ngiii. Akasogea, akapiga, ngiii. Akazunguka nyumba nzima, watoto wa mtaa wakimfuata nyuma na kuitikia ngiii kila alipopiga. Jioni nikaona nondo imezama kwenye kibustani changu cha mchicha, kimebaki kichwa tu. Nikamwongezea chai.

Friza likawaka, samaki wakaganda, nikamsifu Mjomba kwa mashoga zangu. Halafu mvua ikanyesha.

Wa kwanza kugundua ni mwanangu mdogo. "Mama, friza linauma." Nikamwambia aache uongo, nikaenda kufungua mwenyewe, sakafu imelowa na mimi miguu mitupu. Sitaeleza nilichosema. Kuanzia siku hiyo tukapigilia msumari ukutani, tukatundika malapa ya friza. Si ya kuendea dukani, si ya bafuni, ya friza. Biashara haikusimama. Watu wa Mabatini tumezoea shida, mteja anafika anasema, "Nipe sato wawili, na malapa yako wapi nichague mwenyewe?"

Nikampigia kijana simu.

"Mama, hilo friza ni geni hapo. Halijawazoea."

Mjomba aliposikia tunamsema kijana wake, alipanda mlima kwa hasira. Akakuta nimetoka kudeki, na kwa kuwa ni mtu mwenye adabu akavua viatu kwenye ngazi. Nikamsalimia, "Shikamoo baba," nikamwomba asiguse friza.

"Marahaba. Mkwe, ninyi wanawake mnaogopa umeme kwa sababu mmesikia unaogopwa." Akalishika mpini kwa mkono wote.

Umeme wa volti 230 ukikamata misuli, kiganja kinafumba chenyewe na hakifunguki hata ukiomba. Mjomba alibaki pale anatetemeka na kutoa Kisukuma ambacho sijawahi kukisikia, na plagi iko nyuma ya friza, hapafikiki. Hebu fikirieni hali yangu. Baba mkwe hashikwi mkono. Na mtu aliyenaswa na umeme naye hashikwi. Mkononi nilikuwa na mwiko wa ugali, mkavu, mzito, wa kusongea ugali wa msibani. Nikauinua juu nikamshushia mkwe wangu kwenye kifundo cha mkono. Hakuachia. Nikamshushia tena, safari hii nikiwa nimekaza meno. Akaachia, akakaa chini puu.

Wakati huo huo geti lilikuwa wazi, na kina mama wa kikundi chetu wanaingia kuchukua samaki.

Habari ilishuka mlima haraka kuliko mimi ninavyoshuka alfajiri. Ilipofika Igoma nilikuwa nimempiga mkwe kwa sababu ya deni la sato. Ilipofika Buhongwa nilikuwa nimemvunja mkono. Mjomba mwenyewe, aliyekuwa shahidi pekee wa kunitetea, kila akiulizwa anajibu tu, "Mkwe ana nguvu," halafu anabadilisha mazungumzo.

Mume wangu hakuuliza ukoo tena. Akaleta dada mmoja aliyesoma chuo cha ufundi cha VETA pale Nyakato, na kabla hajaingia ndani akatuonyesha leseni yake ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, bila kuombwa. Akatuelekeza pa kusoma daraja lake na tarehe ya kuisha, maana leseni hizi zina madaraja na si kila daraja linaruhusiwa kila kazi. Akazima mein swichi, akapima kama kweli imezima, ndipo akafungua soketi. Mjomba alikaa pembeni kwenye kigoda, mkono umefungwa kitambaa.

Ndani ya soketi waya wa njano na kijani ulikuwa umekunjwa vizuri, ukafungwa tepu nyeusi, haukugusa popote. Kwenye soketi ya pili hivyo hivyo. Kwenye mein swichi umekatwa kabisa. Dada akapiga simu kwa kijana, akaweka spika.

"Kaka, mbona waya wa athi umeukata?"

"Dada, kwanza mimi Simba damu. Rangi za Yanga nyumba nzima za nini? Pili niliupima kwa tesita, hauwaki. Hauna kazi yoyote humo ndani, unakula nafasi tu."

Dada akavuta pumzi. "Huo ni kipa, kaka. Akikaa bure ujue mambo ni mazuri."

Simu ikakatika, na mimi ninajua si mtandao.

Kisha akatoka nje, akaishika athirodi kwa vidole viwili, akaing'oa pamoja na mchicha. Ilikuwa na urefu wa kiganja. Kilichobaki, kipande kirefu na kizuri cha shaba, mpaka leo hakijulikani kiliuzwa wapi. Akazunguka nyumba akitazama chini, akachagua kwenye migomba, maji ya bafuni yanakoishia, kwa kuwa pale udongo ni mwingi na haukauki. Akagongelea mpya hadi ikazama yote, akaipima kwa mita, akavuta waya mpaka kwenye mein swichi. Akaongeza na breka inayokata umeme ukivuja miliampia 30 tu, kabla hujamaliza kushtuka. Na friza nalo akalifungua kwa nyuma, akakuta waya uliochubuka umelalia bodi ya chuma ya friza lenyewe.

Bei yake ilimfanya Mjomba aangalie upande wa ziwa kwa muda mrefu.

Wiki hiyo hiyo kijana akaja kudai salio lake. Nikamwambia hela sina, ila afungue friza achague sato mkubwa anayemtaka, tumalizane. Akaliangalia friza. Akaangalia miguu yake. Akaangalia msumari ukutani, malapa hayapo, nilishayashusha.

"Mama," akasema, "hivi yule Mjomba yupo anifungulie?"