Majalada ya Kufilisika: Jina la Nani Lionekane?

Oktoba 2022, kampuni ya sarafu za kidijitali ya Celsius iliwasilisha kwenye mahakama ya kufilisika ya New York nyaraka za kurasa zaidi ya 14,000. Zilikuwa na majina ya wateja na miamala yao ya karibuni, na yeyote aliweza kuzisoma. Nyaraka hizohizo zilionyesha kwamba mwanzilishi wake, Alex Mashinsky, na vigogo wenzake walitoa mamilioni ya dola kwenye akaunti zao kabla wateja hawajazuiwa kugusa fedha zao Juni mwaka huo. Uwazi uliomfichua bosi ndio uliomwanika mteja.

Kifungu cha 107 cha sheria ya kufilisika ya Marekani kinasema jalada ni la umma. Ukifungua akaunti kwenye PACER, mfumo wa mtandaoni wa kusomea nyaraka za mahakama za shirikisho, unatozwa senti 10 kwa ukurasa, na matumizi yasipozidi dola 30 kwa miezi mitatu hulipi kitu. Kwenye kompyuta za masjala ya mahakama, kusoma ni bure. Anza na ombi lenyewe uone ni Sura ipi ya sheria hiyo: ya 7, mali huuzwa wadai walipwe, ya 13, mwenye kipato hulipa kidogo kidogo kwa miaka 3 hadi 5, ya 11, ambayo hasa ni ya kampuni, biashara hujipanga upya. Kisha nenda moja kwa moja kwenye taarifa ya mambo ya fedha. Humo ndimo mdaiwa hulazimika kutaja, kwa kiapo, alichowalipa ndugu na wakurugenzi katika mwaka uliotangulia. Wengi huiruka, na ndiyo yenye siri zote.

Wanaotetea uwazi wana hoja nzito. Mahakama inaweza kufuta haki ya mtu kulipwa deni lake, na haifai ifanye hivyo gizani. Jaji Martin Glenn, katika shauri la Celsius, aliruhusu anwani na barua pepe za watu binafsi zifichwe, lakini akakataa kuficha majina. Katika jimbo la Delaware, kwenye shauri la FTX, kampuni nyingine ya sarafu za kidijitali iliyofilisika, Jaji John Dorsey aliruhusu majina ya wateja binafsi yafichwe, ingawa vyombo vya habari vilipinga. Alihofia matapeli, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Ni kweli pia kwamba kuficha jalada hakutoshi: Agosti 2023 wadukuzi waliiba taarifa za wadai wa FTX kutoka Kroll, kampuni iliyokuwa ikishughulikia madai yao.

Hata hivyo, mimi naegemea kwa Dorsey. Mdaiwa anaomba msamaha wa madeni, kwa hiyo hesabu zake lazima zionekane, na wakubwa wa kampuni wabaki wazi kwa majina. Mteja hakuomba chochote. Ameburutwa mahakamani na hasara ya mwingine. Mpe namba badala ya jina, na malipo bado yatafuatilika. Kinachoniudhi ni kwamba leo usiri wake unategemea jimbo ambalo kampuni iliyomtia hasara imechagua kufungulia shauri. Kampuni kubwa huwa na uchaguzi huo, yeye hana. Bunge la Marekani liliandike hilo ndani ya kifungu cha 107, lisiachiwe kila jaji kuamua kivyake.