Mgonjwa wa mashine kupewa kidogo wiki ya kwanza sio kunyimwa chakula

Ndugu wakiruhusiwa kuingia ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) wakamkuta mgonjwa wao anapumuliwa na mashine, na kwenye ule mpira wa puani maziwa yanapita kidogo kidogo, swali huwa ni lile lile: sista, mbona mnampa kidogo hivi, nguvu atazipata wapi? Swali la haki kabisa. Ila kwa siku za mwanzo naona sista analaumiwa bure.

Wanaotaka ashibe mapema wana hoja nzito. Utafiti mmoja wa London, 2013, ulipima misuli ya paja ya wagonjwa mahututi ikaonekana imepungua karibu 18% ndani ya siku 10. Ukisikia hivyo unatamani umjaze kila kitu.

Shida ni kwamba mwili wa mgonjwa mahututi siku hizo haupokei chakula kama wa kwako wewe. Ini lake lenyewe linatengeneza sukari na kuimwaga kwenye damu, na hata umlishe vipi haliachi, kwahiyo kalori zako zinaenda juu ya zile anazozalisha mwenyewe, sukari inapanda, insulini inaongezwa, na hewa chafu ya kutolewa kwa pumzi (kabonidayoksaidi) inazidi wakati mapafu yenyewe yamechoka. Na kama alikaa siku nyingi hajala halafu umjaze ghafla, fosfeti, madini ambayo misuli inayahitaji kupata nguvu, inaporomoka kwenye damu, misuli ya kupumua inalegea na kumtoa kwenye mashine kunakuwa kazi.

Wafaransa wakalipima hili kwenye jaribio liitwalo NUTRIREA-3, matokeo 2023, wagonjwa zaidi ya 3,000, wote kwenye mashine na kwenye dawa za kupandisha presha. Siku 7 za mwanzo kundi moja lilipewa kalori 6 kwa kilo kwa siku, lingine 25. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni 360 dhidi ya 1,500, tofauti kubwa mno! Siku ya 90 waliofariki walikuwa 41.3% kwa waliopewa kidogo na 42.8% kwa waliopewa nyingi, yaani hakuna tofauti ya maana. Lakini waliopewa kidogo walitapika na kuharisha kidogo kuliko wenzao, visa vya utumbo kukosa damu vikapungua, na wakawa tayari kutoka ICU siku ya 8 badala ya ya 9. Kuna wanaosema ah, siku moja tu. Siku moja ya kitanda cha ICU kwetu huku, wakati mgonjwa mwingine yuko emejensi anabonyezewa ambu (mfuko wa kumpumulisha) kwa mkono akisubiri kitanda hicho hicho, mimi siwezi kuiita tu.

Halafu kuna ile dawa ya usingizi nyeupe, propofol. Ni mafuta ile, kama kalori 1.1 kwa kila mililita, ikienda mililita 15 kwa saa mgonjwa anapata karibu kalori 400 kwa siku na hakuna aliyeihesabu kama chakula. Na protini nayo, jaribio la EFFORT la 2023 lilitoa dozi kubwa kwa makusudi, faida haikuonekana, na wenye figo zilizoumia walielekea kuwa vibaya zaidi.

Sasa nisieleweke vibaya. Kidogo ya Wafaransa ilikuwa imepangwa, imepimwa, na baada ya siku 7 ikapandishwa. Kidogo ya wodi zetu mara nyingi ni maziwa yameisha stoo, au mgonjwa amezuiwa kula kwa ajili ya operesheni iliyoahirishwa mara mbili, au uji wa ndugu umechelewa getini. Hiyo ni njaa, isitafutiwe utetezi kwenye utafiti wa mtu. Na aliyeingia tayari amekonda kwa TB au saratani anahitaji mpango wake, kupandishwa taratibu huku fosfeti inapimwa.

Kwahiyo ukiwa hapo kitandani muulize sista: leo ni siku ya ngapi, na dozi ya chakula inapanda lini? Akiwa na jibu muache afanye kazi yake. Siku ya 10 ikifika bado anapewa kile kile na hakuna anayejua kwa nini, hapo mtafute daktari na usiondoke.