Watalii wa Kwenye Kompyuta na Mji Wenye Wenyewe

Aprili 2024, Venice ilianza kuwatoza yuro 5, katika siku za msongamano, wageni wanaoingia na kuondoka bila kulala. Ubishi uliozuka ni kama ada ndogo hivyo hupunguza watu au huongeza mapato tu, na ni ubishi wa aina hii ambao watetezi wa uigaji wa kompyuta wanadai unaweza kupimwa kabla mji haujamtoza mtu hata senti.

Katika uigaji huo mtafiti huunda maelfu ya wahusika, humpa kila mmoja fedha, muda na kiwango chake cha kuvumilia foleni, kisha huwaachia wazunguke katika ramani ya mji. Mchumi Mmarekani Thomas Schelling alionyesha mwaka 1971 kwamba mapendeleo madogo ya kila mkazi yanaweza kuugawa mtaa mzima bila yeyote kukusudia. Msongamano wa watalii nao hutokea hivyo hivyo, na kwa hilo nawaunga mkono watetezi: hesabu ya wastani haiuoni.

Dodoma, yenye watu 765,179 kwa sensa ya 2022, haijaelemewa na watalii. Wageni wake ni zaidi wa vikao, hasa Bunge la bajeti kuanzia Aprili hadi Juni. Hata hivyo treni ya SGR inawaleta watu kutoka Dar es Salaam kwa saa chache, na mwenye nyumba anaweza kuona faida kubwa zaidi katika kulaza wageni kwa siku kuliko kupangisha kwa mwezi. Barcelona, iliyotangaza kufuta leseni za nyumba za watalii ifikapo 2028, inajaribu kurudisha kilichokwisha kupotea, ilhali sisi bado tuna nafasi ya kujaribu kanuni kwenye skrini kwanza.

Pingamizi langu linahusu kinachoingizwa katika programu. Data za simu humhesabu mara mbili mwenye laini mbili, na asiye na simu hawamwoni kabisa. Zito zaidi ni kiwango cha “mji umejaa”, ambacho huwekwa na mwandishi wa programu, kisha hutoka upande wa pili kikionekana kama matokeo ya kisayansi. (Grafu yenye rangi nzuri ina nguvu ya ajabu kikaoni.)

Chukua michoro ya miambani ya Kondoa Irangi, mkoani Dodoma, iliyoingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2006. Baadhi ya mapango yake bado hutumika kwa matambiko, na kwa mwenye kutambika wageni watano wenye kamera wanaweza kuwa wengi mno, hata kama programu inasema njia ya kupanda inabeba mia. Uigaji wa Kolo, kijiji kilicho jirani na michoro hiyo, ungenishawishi endapo wazee wangesema kwanza ni mapango gani yafungwe na siku zipi, na mtaalamu akaanza kuandika kanuni zake baada ya hapo.