Kipkoech si Kiprono

Jumamosi iliyopita ubishi ulizuka kwa kinyozi wangu kule Umoja, Nairobi. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake alisema Robert Cheruiyot ameshinda marathoni ya Boston mara tano. Kijana aliyekuwa ananinyoa akakataa: mara nne, si zaidi. Simu zikatolewa mifukoni, kila mtu akatafuta, na kila upande ukapata cha kuonyesha. Mzee hakuwa amedanganya. Alikuwa amewahesabu watu wawili kama mtu mmoja.

Robert Kipkoech Cheruiyot ndiye aliyeshinda Boston mwaka 2003, kisha 2006, 2007 na 2008. Robert Kiprono Cheruiyot ni mwingine kabisa, mdogo wake kwa karibu miaka kumi, na hawana udugu. Huyu wa pili alishinda Boston Aprili 2010 kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 52. Rekodi aliyoivunja siku hiyo, ya saa 2, dakika 7 na sekunde 14, ilikuwa ya nani? Ya wajina wake, aliyoiweka mwaka 2006. Cheruiyot alimpokonya Cheruiyot rekodi kwenye barabara ile ile, na orodha nyingi za matokeo zikawaandika wote wawili hivi: Robert K. Cheruiyot.

Hiyo herufi K ndiyo inayoniuma. Wanaojua Kikalenjin wanajua kwamba Kipkoech ni mtoto aliyezaliwa kunapopambazuka, na Kiprono ni aliyezaliwa jioni, mbuzi na kondoo wanaporudi nyumbani. Mmoja wa alfajiri, mwingine wa magharibi. Wazazi waliwapa watoto wao majina yanayowatenganisha kama mwanzo na mwisho wa siku, halafu mtu mmoja kwenye meza ya uhariri, kwa kuokoa nafasi ya herufi chache, akawarudisha kuwa kitu kimoja. Najua magazeti ya ng'ambo hayawezi kujua hayo yote. Lakini sisi huku Nairobi tunajua, na bado watangazaji wetu wanasema "Cheruiyot" tu na kuendelea.

Hasara yake si ya hesabu ya ushindi peke yake. Oktoba 2006, kule Chicago, Kipkoech aliteleza kwenye hatua ya mwisho kabisa, akaanguka chali na kugonga kisogo penye mstari wa kumalizia. Alishinda mbio zile na akapelekwa hospitali. Yale ni maumivu yake, nayo yanastahili kukumbukwa kwa jina lake kamili kama medali zinavyokumbukwa. Na Kiprono? Alikimbia Boston kwa kasi kuliko mtu yeyote aliyewahi kuikimbia kabla yake. Mwaka mmoja tu baadaye Geoffrey Mutai akaja na saa 2, dakika 3 na sekunde 2, na siku ile kubwa ya kijana yule ikafunikwa. Ukimnyang'anya na jina lake la katikati, unambakizia nini?

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu na mimi nina majina ya watu wengi. Kwetu Wagikuyu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa bibi zao. Kwa hiyo jina halifi, linazunguka. Nyanya yangu mzaa baba aliniita mume wake hadi siku alipoaga, na alikuwa hatanii: aliniwekea kipande cha nyama kama alivyomwekea babu. Lakini nikiingia hospitali moja hapa mjini, jina likiitwa tunasimama wanaume watatu. Siku moja nilishikilia kadi ya mgonjwa mwingine kwa nusu saa nzima kabla karani hajauliza nambari ya kitambulisho.

Kushiriki jina ni heshima, mradi kila mmoja aachiwe chake. Mfano ninaoupenda ni wa akina Kamaru. Joseph Kamaru, mwimbaji aliyezaliwa Murang'a mwaka 1939, ndiye aliyeimba kuhusu J.M. Kariuki baada ya mwanasiasa huyo kuuawa mwaka 1975, wakati ambapo wengi waliona heri kufunga mdomo. Alifariki hapa Nairobi Oktoba 2018. Mjukuu wake naye ni Joseph Kamaru, na naye ni mtu wa sauti, ingawa hatumii gitaa la babu: hurekodi sauti za mahali, kisha huzitandaza taratibu hadi ziwe muziki. Kwenye kazi zake hujiandika KMRU. Ni jina lile lile la ukoo, limetolewa irabu a zote mbili. Hapo hapo anazitoa upya nyimbo za babu yake kwenye intaneti, chini ya jina la babu. Hakuna anayemmeza mwenzake, na hiyo ndiyo kazi ya wajina kwa wajina.

Kwa hiyo ombi langu kwa wahariri, watangazaji na walimu ni dogo. Andikeni Kipkoech. Andikeni Kiprono. Mkitaja Kipchoge, semeni kama ni Keino wa Olimpiki ya Mexico 1968 au ni Eliud wa marathoni ya chini ya saa mbili kule Vienna 2019, maana kuna watoto wa shule wanaodhani ni baba na mwana. Nafasi ya jina moja zaidi haikosekani kwenye ukurasa.

Pale kwa kinyozi, nilipomaliza kueleza, mzee alikaa kimya kidogo. Kisha akauliza, "Sasa huyo Kiprono, yeye ni wa wapi, na yuko wapi siku hizi?" Tulikuwa watu saba mle ndani. Kipkoech tulimjua sote. La Kiprono hakuna aliyelijibu, na kijana akawasha mashine tena.