Dada wa kutwa na sahani yake

Wiki iliyopita wifi yangu alinitumia sauti ya dakika nne kutoka Chumbageni, Tanga. Kapata dada wa kumshikia mtoto, wa kuja asubuhi na kurudi kwao jioni, Mwakidila, na baiskeli yake mwenyewe. Dada hana neno, mtoto kamzoea. Kinachomkera wifi ni kwamba ikifika saa saba dada anapakua anakula kama mwenyeji. "Wifi, si ndiyo maana namlipa zaidi kuliko wa kulala? Mbona mimi shuleni nabeba changu? Nyie huko Ulaya mnafanyaje?"

Kamuuliza mwenyewe. Huku Uingereza dada wa kutwa ni mimi, mwaka wa sita huu.

Nyumba yangu ya kwanza hakuna aliyetamka lolote kuhusu chakula. Nami nimelelewa Ngamiani, najua chakula cha watu hakiguswi mpaka uambiwe karibu, na ukiambiwa unakataa kwanza. Basi nikaingoja hiyo karibu. Wiki tatu nabeba mkate na yai la kuchemsha mkobani, nalila kwa kujificha bustanini mtoto akiwa kwenye bembea, utadhani nakula mchana wa Ramadhani. Mwisho yule mama akaniuliza kama naumwa, maana friji haipungui. Kumbe kwao kunyamaza ndiyo karibu yenyewe. Nyumba ya pili nikajitia mjuzi, nikafungua friji siku ya kwanza. Jioni nikaulizwa, kwa adabu zote, nani kala ile jibini. Ya tatu, niliyopo mpaka leo, mama alinisimamisha mbele ya friji hata koti sijavua: kula unachotaka isipokuwa rafu ya chini, hiyo ya mume wangu. Hakutabasamu wala nini. Nilitamani kumkumbatia.

Sheria ya huku hairuhusu chakula kihesabiwe ndani ya kima cha chini cha mshahara; malazi tu, tena kwa kiwango kilichowekwa. Mapumziko ni dakika 20 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa 6, na aliyewahi kulea mtoto wa miaka miwili anajua dakika hizo hazipo. Kwetu Tanzania Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa dakika 60 kwa anayepitisha saa 5 mfululizo, kwa hiyo kwenye karatasi tumewashinda.

Na hoja ya wifi haikutoka hewani. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka, kwa nyumba za watu wa kawaida, shilingi 60,000 kwa mwezi kwa dada anayeishi kwa mwajiri na 120,000 kwa asiyeishi. Wifi anaona sahani ya mchana imo ndani ya hiyo tofauti. Mimi naona mle mna kodi ya chumba cha Mwakidila, maji, umeme na chakula cha usiku cha watoto wake. Mtu yuko kwako saa kumi nzima, anaonja uji wa mwanao, anampulizia wali, halafu ageuke afungue kibakuli chake cha muhogo uliopoa? Mtoto mwenyewe hatakubali. Atautaka huo muhogo.

Tena sisi watu wa Tanga hatuna pa kujificha. Ramadhani ikiingia, nani Ngamiani anamwachia dada aondoke alasiri mikono mitupu? Anafungiwa mihogo ya nazi, anajaziwa uji wa pilipili manga, na hakuna anayetaja mshahara. Ikiisha Idi tunaanza kuhesabu miiko.

Lakini nisijifanye natoka nyumba ya malaika. Dada yetu wa kutwa nilipokuwa mdogo alikuwa na kikombe chake cha bati na sahani yake, vimekaa pembeni chini ya kabati, na ukoko ulikuwa wake kila siku. Mama alimpenda, alimwita mwanangu. Sikumbuki kumwona akila nasi kwenye sinia hata mara moja, na wala sikumbuki kushangaa.

Jambo moja wifi kalisema kwa kunong'ona, kwamba dada siku nyingine hali, anafunga chakula chake kwenye mfuko. Hapo ndipo anapomwona mjanja. Wifi, ana watoto wawili kwao. Mpakulie ale mbele yako, na kikibaki chungu kizima, mfungie na cha watoto. Kisipobaki, mwambie leo hakuna.

Jana kanijibu, sauti fupi safari hii. "Haya wifi, ale. Lakini samaki wa kaka yako asimguse."

Nimemwambia hilo halina tatizo, amwonyeshe tu huyo samaki kabla hajaegesha baiskeli.